Unakula Wapi?

Hombolo, saa nne usiku, umeme umerudi.
Nchi: chagua.
Nashusha kidole. Tajikistani, halafu Tailandi.
Katikati pale ndipo tungekaa sisi.
Hatupo. Dalali wa kwanza, kwaheri.

Wa pili anatujua, ila anataka waraka
wenye mtaa, namba ya nyumba, na jina langu.
Mita ya luku bado inasoma marehemu Chidawali.
Nyumba yangu ni ya pili ukitoka mashine ya kusaga,
bati jekundu upande mmoja;
upande wa pili unangoja zabibu za mwakani.
Mtendaji akanigongea muhuri wa zambarau.
Wakajibu kwa dakika tatu: Haisomeki.

Wa tatu anasema hatozi kitu. Bure.

Hapo nikavua miwani.
Miaka kumi na tisa nalima zabibu.
Nimeazimwa kreti bure, nimepimiwa bure,
na kila msimu kilo ya mwisho ya kila kreti
hulala njiani.
Siku hizi dalali simwulizi, Unachaji ngapi?
Namwuliza, Unakula wapi?

Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili.
Ikajibu mashine, kwa adabu, aya nne.
Nikapekua hadi nikauona mdomo:
shilingi ikigeuka dola, hapo ndipo anang'ata.

Wa nne anang'ata mchana kweupe.
Dola moja ukinunua, dola moja ukiuza,
na benki yangu pale Jamatini inamega yake.
Nikamchagua huyo. Anakula mezani,
naona anaposhiba.

Fomu ikataka niape kwamba mimi si Mmarekani.
Nyemo, binti yangu, alicheka hadi kuku wakaamka.

Hisa nzima siiwezi. Nimenunua kipande
cha kampuni inayounda trekta lile
tunalokodi kila Novemba, elfu sitini kwa ekari,
tukingoja zamu hadi mvua inatupita.
Kwa hesabu zangu, changu ni nati moja,
au ile taa ya nyuma, ya kushoto, iliyovunjika.

Swali moja wa nne hajalijibu:
nikifa, nati hiyo anamfungulia nani?

Basi nywila nimeiandika kwenye daftari la kreti,
Machi, mwaka ule ukungu ulipokula zote.
Nyemo ataiona.
Ukurasa ulikuwa mtupu.