Ukoka wa Ipagala

Ndago nilizing'oa kwa kisu cha jikoni.
Mbigiri nilizimwagia maji ya moto,
mojamoja.
Dawa ya dukani niliikataa:
kuku wa Mama Nyemo hawajui mpaka.

Samadi ikaja kwa punda kutoka Nala,
magunia manne, bado yana joto.
Nikaichekecha, nikaitandaza.
Upepo wa Oktoba ukaihamishia nusu kwa jirani.

Mvua ya kwanza, Desemba,
ukoka ukainuka kidogo.
Mlenda ukainuka zaidi;
mbegu zilisafiri tumboni mwa ng'ombe.

Nikashika kisu.
Mama Nyemo akanishika mkono,
akakinga kitenge, akachuma.
"Gugu la nani hili?"

Jioni ukoka una mapengo
kama mtoto wa darasa la kwanza,
nasi tunavuta mlenda
kwa ugali wa uwele.