Daftari la Kunduchi

Tope la mikoko lanuka yai viza.
Somoe anazamisha mkono hadi kiwikoni,
anaibuka na kombe mweupe, mdogo kama kifungo cha kanzu.
"Huyu tumbo lake ni la kusingizia."

Kweli. Mdomo anao, hali.
Kwenye matamvua yake wamepanga bakteria,
wapangaji wasiojua fedha:
yeye huwachotea hewa, na hiyo harufu mbaya,
wao humpikia.

Ila nani kampa nani, na kiasi gani?
Niliwalisha kaboni nzito, nikangoja siku mbili,
nikainamia mashine
kama mwenye duka juu ya daftari la mikopo.

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Mstari wa grafu ukafia mlimani.
Jenereta kavu. Somoe akamulika ndoo kwa simu:
kombe kimya, wamezama mchangani,
wanapeana bila risiti.

Asubuhi niliikuta kaboni yangu
mguuni mwa kombe, karibu yote.
Iliyobaki sikuiona kwenye maji,
wala kwenye tope,
wala kwa bakteria.

Somoe anataka niandike *nyongeza*,
kama ya fungu la dagaa.
Safu ile bado nimeiacha wazi.