Moja kwa Ishirini na Tano

Mchana naandika IMEFELI.
Springi zimekatwa: imefeli.
Ekzosi ya kunguruma, vioo vyeusi tii: imefeli, mwanangu,
nenda Wadi Kabir wakakurudishie lilivyotoka kiwandani.
Miaka kumi na moja kituo cha ukaguzi, Sib,
muhuri mkononi, vumbi la Maabela kwenye kope.

Usiku, watoto wakishalala, nafungua boksi.

Ndani ya boksi gari bado halijawa gari.
Milango, rimu, silinda nane zisizojuana,
vyote vimening'inia kwenye ubua wa plastiki,
nami kwa ncha ya wembe nakata vitovu, kimoja kimoja,
nasugua kovu kwa msasa mpaka kidole kisilitambue.
Karatasi ya maelekezo inasema: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Naikunja. Naiweka chini ya kikombe cha chai.

Maana mimi nataka injini ya boksi la kijani,
matairi ya nyuma ya lori lililonishinda mwaka juzi,
na boneti sitaki kabisa, mashine ikae wazi
kama meno ya mtu anayecheka peke yake.
Waya za plagi nimezichuna kwenye chaja iliyokufa.
Kromu ni karatasi ya chokoleti; chokoleti nimeila, kazi ni kazi.
Nyekundu ni rangi yangu ya kucha,
matone mawili ya asetoni, mikono mitano myembamba,
na mama mlangoni: "Ghaniya, gari unalitia hina?"
Ndiyo mama, kesho linaolewa.

Springi zake nilizikata mimi, kwa mkono huu huu wa muhuri.
Limelala chini, hata risiti haipiti tumboni.
Mezani hapa hakuna mulkiya, hakuna faini,
hakuna mimi.

Paa ndilo lililonitesa. Nilitaka kulishusha milimita nne,
dirisha libaki jembamba kama jicho la mwenye siri.
Nikapima. Nikabandika utepe. Nikashika msumeno mdogo.
Mkono ukakataa. Mara tatu, siku tatu.
Umezoea kurudisha vitu vilivyokuwa.

Jumanne moja ya Julai nikalibeba kazini
nimwonyeshe Zamzam wa dirisha la malipo,
nikalisahau kwenye dashibodi. Saa nane mchana, jua la Sib
halikuulizi umefika hatua ya ngapi.
Nilipotoka, paa lilikuwa limeshuka,
nguzo zimeinama pamoja
kama watu waliopata habari moja.

Na kijana niliyemfelisha asubuhi yuko hapo, Mundhir,
springi mpya kwenye mfuko wa nailoni,
paji la uso karibu ligande kwenye kioo changu.
"Dada," akasema, "nani kakushushia paa?"
Nikasema jua.
Akazunguka upande wa pili, akachutama, akafumba jicho moja.
"Limezidisha kushoto," akasema. "Nusu milimita."

Alisema kweli. Usiku ule nikapasha kijiko kwenye moto,
nikaisukuma ile nguzo ya kushoto kwa mgongo wa kijiko,
pumzi nimeibana mpaka masikio yakavuma.
Liko rafuni sasa. Mlango wa kulia una chembe ya vumbi
iliyonaswa chini ya vanishi. Ukiangaza kwa tochi utaiona.
Nimeangaza. Nimeiona. Nimeiacha.

Alhamisi Mundhir alirudi. Springi ziko sawa.
Vioo bado vyeusi.
Nikaandika nilichozoea kuandika, nikagonga, nikamrudishia karatasi,
na chini ya karatasi, ndani ya kifuko cha shanga,
matairi mawili ya mbele ya lile lori.