Koti Lisiondolewe

Usiguse, Veikka. Tazama kwa macho tu.
Kiota kimo mfukoni mwa koti la babu yako,
lile la kupasulia kuni,
limeangikwa humu bandani tangu theluji ya mwaka juzi.

Mayai sita, buluu tupu, hayana hata doa.
Kitabu kinasema ndege wawili hutaga hivi:
mmoja hutandika majani makavu na magome,
manyoya hayataki;
wa pili halali bila manyoya.

Haya, manyoya haya hapa. Ya kuku wetu mwekundu,
na moja la kwale wa msituni.
Basi ni leppälintu,
mkia wake hutetemeka kama kaa linalopulizwa.
Tumemjua, naye hatujamwona.

Lakini inama. Chini ya manyoya, ona:
nywele.
Nyeupe, fupi, si za farasi.

Nilimnyoa humu humu, siku ya mvua,
akilalamika mkasi ni butu,
nikasema nitafagia kesho.

Veikka ameshika penseli.
“Niandike nini, bibi?”

Andika tarehe. Andika mayai sita.
Andika koti lisiondolewe.