Jozi ya Kumi na Saba

Mhasibu Obbo alipanda ngazi za posta akihema,
akasema kuna mwanamke ndani ya simu yake.
Nikamwambia, mzee, ndani ya simu mna shaba tu.
"Basi shaba yenu inakohoa," akajibu,
"na ina mtoto mgonjwa."

Tororo, mwaka ule wa mvua isiyokata.
Vumbi la saruji limegandia nguzo kama ukoko wa uji.
Nilibeba koleo, mshumaa, simu ya majaribio,
nikaifuata kebo kutoka kiwandani kuelekea stesheni,
kisanduku baada ya kisanduku,
nikifungua, nikitega sikio, nikifunga.

Vijana wa kazi huwa nawaambia:
nyaya mbili zisokote kama kamba ya mbuzi,
kila mmoja umeze kelele za mwenzake.
Ukiziacha zilale sambamba na jirani, zimenyooka,
la huku litasikika kule.
Wala hazigusani. Hapo ndipo penye ajabu:
sauti haipigi hodi.

Nyuma ya bohari ya pamba, kisanduku nambari tisa:
maji, mende,
na shubiri mbili za waya ambazo fundi mvivu
aliona taabu kuzisokota.
Jozi ya kumi na sita. Jozi ya kumi na saba.
(Fundi huyo ni mimi, miaka minne nyuma,
giza likiingia, nina njaa.)

Nikaweka sikio.
"...usiku kucha hakulala. Uji kanywa vijiko viwili.
Owori, wakikupa ruhusa huko Kasese
panda hata behewa la ng'ombe..."
Na chini yake, kwa mbali, mhasibu:
mifuko mia nne, mifuko mia nne na ishirini, mifuko—
kisha kimya.
Mstari haukukatika. Nilisikia pumzi yake.

Nilingoja mama yule amalize.
Halafu nikasokota, nikaviringisha utepe wa lami,
nikafunga mlango wa chuma kwa teke.
Laini ikawa safi kama sahani ya mgeni.

Wiki ya tatu, ngazi zile zile, kuhema kule kule.
Nilidhani amekuja kushukuru.
Alivua kofia, akaikung'uta, saruji ikamwagika kauntani.
"Simu yangu haina kasoro," alisema.
Nikamwambia, vizuri, mzee.
Hakuondoka.
Aliizungusha kofia mkononi, mara mbili, mara tatu.

"Yule mtoto," akasema.
"Uji. Aliumaliza?"