Wavu wa Nolfa

Paposo mvua ni hadithi. Nolfa huvua ukungu:
wavu juu ya mlima, mfereji, pipa.

Wiki hii tanuri la shaba limewashwa upya
na ukungu umekuja mweupe kuliko maziwa,
mzito, mbuzi hawaonani pembe.
Pipa kavu.

Bintiye, anayesomea hewa, anachora vumbini:
kila tone huanza na chembe ya kushikia,
chumvi, masizi, chochote.
Maji ni yaleyale, Mama; wageni ndio wamezidi.
Kila mmoja kapewa funda,
hakuna aliyenenepa akaanguka.
Wanapenya matundu.

Nolfa anapitisha kidole wavuni,
anakilamba. Moshi.
"Kumbe wingu nalo," asema,
"limejifunza kugawa umaskini."

Kisha anatafuta sindano
na uzi mwembamba.