Saa Iliyorudi

Tartu, Jumapili ya mwisho ya Oktoba.
Mto Emajõgi haujaganda bado
ila Leelo amekwisha kuvaa soksi mbili mbili.

Tangu jioni anaukusanya msimbo,
faili moja baada ya jingine katika tanuri la kompaila.
Maonyo mawili: ameyasoma, ameyasamehe.
Kosa moja: mabano yalifunguliwa, hayakufungwa,
kama mtu aliyeanza habari akaitwa jikoni.

Kisha usanidi, na hapo hapana bembeleza.
Sikiliza mlango wa themanini. Kurasa ziko hapa.
Kumbukumbu ziandikwe pale.
Alisahau nukta mkato
na seva ikagoma kuamka,
ikataja mstari wa kumi na tisa, usio na hatia;
mkosaji ni jirani yake wa juu.

Majaribio mia nne na kumi na tatu.
Yanapita mafungu mafungu, kijani, kijani,
isipokuwa lile la mia mbili na sita,
lililozimwa miaka sita, na juu yake maneno ya Hillar:
*Msilifute. Huanguka usiku mmoja tu kwa mwaka. Nitaeleza.*

Hakueleza.
Machi ile moyo wake ulisimama ngazini pa maktaba,
mfukoni ana tufaha.
Programu ni huria, kila mtu aweza kuisoma;
aliyeiandika hasomeki tena.

Usiku huu Leelo ameliwasha.
Analirudia kila dakika, kidevu juu ya goti.
Saa nane, kijani.
Saa tisa, kijani.
Saa tisa u nusu, kijani, na usingizi
unamvuta shati.
Saa kumi kamili, na saa haikuwa kumi.
Serikali imerudisha mishale nyuma kwa ajili ya baridi:
ni tisa tena, ile ile, na dakika zake zote.

Nyekundu.

Kumbukumbu zinasema:
ombi limefika saa tisa na dakika hamsini na tisa,
jibu limetoka saa tisa kamili.
Jibu limetangulia swali.
Mtoto amempokea mama yake mlangoni.

Leelo anacheka peke yake,
cheko la mtu aliyetafuta miwani akaikuta usoni.
Anafuta mstari mmoja.
Seva isiulize tena saa ya watu;
iulize ile ya ndani, ihesabuyo tu
tangu mashine ilipoamka,
isiyojua Oktoba, isiyojua serikali,
isiyorudi.

Anakusanya upya. Anasubiri.
Anairudisha saa ya mashine kwa mkono wake mwenyewe,
mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa inda tu.
Kijani.

Maneno ya Hillar hayafuti.
Chini ya *Nitaeleza* anaandika: *Umeshaeleza.*

Tisa na dakika arobaini, kwa mara ya pili.
Saa ya ukutani, ambayo hakuna aliyeiambia,
inasema kumi na arobaini
na inaendelea.